Sikujua, Baba

Mto Mulongwe ulikuwa umeingia nyumbani alfajiri bila kubisha hodi, na ulipoondoka uliacha tope lililofika kwenye vifundo vya miguu. Hadi saa nne za asubuhi Célestine Nabintu alikuwa bado analikomba kwa kipande cha bati na kulitupa uani. Mgongo ulimuuma. Mikono ilimuuma. Cherehani ilikuwa juu ya meza, kavu, na daftari lake la nyimbo lilikuwa juu ya cherehani. Vingine vyote vilivyokuwa chini vilikuwa vimelowa. Hakuwa na machozi ya kuvililia, kwani mwaka uliotangulia mto ulifanya vilevile, na mwaka wa kabla ya huo pia.

"Hodi ku nyumba."

Aliijua sauti ile kabla hajageuka. Thaddée alikuwa amesimama kizingitini, suruali ameikunja hadi magotini, viatu vyake vya ualimu amevishika mkononi. Uso wake uling'aa kama wa mtu aliyetoka kubatizwa.

"Célestine, baba amekubali!"

Célestine hakuacha kukomba. "Amekubali nini?"

"Amekubali sisi! Leo saa nane anakungoja, ule bugali ku meza yake. Mama anapika samaki. Célestine, umesikia? Tutaoana!"

Bati likamponyoka mkononi. Aliliacha lizame.

Kwa miaka minne aliyangoja maneno hayo. Thaddée alikuja mara ya kwanza na suruali iliyochanika, Célestine akaishona. Baada ya siku tatu akarudi nayo imechanika pale pale, na Célestine akaona wazi kwamba imechanwa kwa wembe. Alimtazama yule mwalimu kijana, naye akainamisha macho, masikio yamemwiva kama nyanya. Hapo ndipo penzi lilipoanzia. Lakini tangu siku hiyo walipendana kwa kujificha. Njiani kwenda sokoni, yeye alitangulia na Thaddée akafuata hatua hamsini nyuma. Mzee Basile, babake Thaddée, alikuwa mzee wa kanisa, na neno lake lilikuwa moja: mwanamke ambaye nyimbo zake zinaimbwa na walevi hataingia nyumbani mwake kama mkwe.

Célestine aliligeuza beseni tupu, akalikalia.

"Miaka ine anakataa," alisema polepole. "Leo imekuwa nini?"

Thaddée alivitazama viatu vyake. "Nilizungumuza naye."

"Ulimwambia nini?"

"Célestine, cha maana ni kwamba amekubali."

"Thaddée. Ulimwambia nini?"

Nje jirani alikuwa akikamua mkeka wake uliolowa, maji yakidondoka. Thaddée akasogea, akachuchumaa mbele yake, tope likamfika kwenye suruali aliyoikunja kwa uangalifu.

"Nilimwambia zile nyimbo si zako. Ni za Léopold. Nilisema weye unashona tu nguo za orkestra yake, njo maana batu banakuona pale."

Célestine aligeuka, akalitazama daftari lililokuwa juu ya cherehani.

"Ku redio banasema jina la Léopold," Thaddée aliendelea haraka haraka. "Kila juma: Léopold na orkestra yake. Batu banasema-sema tu, hakuna muntu anajua kwa kweli."

"Weye unajua."

"Minye najua, ndiyo."

"Léopold pia anajua. Njo maana aliwaambia batu ba redio kwamba nyimbo si zake."

Hilo lilikuwa kweli, na Thaddée alilifahamu. Léopold, mpiga gitaa mwenye kiwanda kidogo cha mbao, alikuwa mtu wa maneno machache. Mwezi uliopita alivuka mpaka hadi Usumbura, ambayo sasa serikali yake iliiita Bujumbura, akamwambia mtangazaji kwamba mtunzi wa wimbo wanaoupenda wasikilizaji ni mwanamke, fundi cherehani wa mtaa wa Mulongwe, mjini Uvira. Jibu lilikuja kwa barua: Jumamosi mwanamke huyo aje, auimbe mwenyewe kwa sauti yake, na jina lake litajwe. Siku hiyo ya mafuriko ilikuwa Ijumaa. Kamyo ya Léopold, lori lake la kubebea mbao, ingeondoka saa kumi.

"Na Usumbura?" Célestine aliuliza.

"Utaenda siku ingine."

"Siku gani? Batu ba Makobola banafika kila siku na mikeka ku kichwa. Banasema vita inapanda na barabara ya Fizi. Mupaka ukifungwa, siku ingine itatoka wapi?"

"Njo ile naogopa!" Thaddée alimshika mikono, tope kwa tope. "Vita ikifika, minye nataka kukukimbiza kama bibi yangu, si kama jirani. Nataka nikuite kwa sauti mbele ya batu, useme 'niko hapa.' Siwezi tena kutembea nyuma yako hatua makumi tano. Nimechoka, Célestine."

Alipomtazama machoni, Célestine aliona kwamba kweli amechoka, kama yeye. Alipenda macho yale. Angeweza kuugombeza uongo, lakini vipi angewagombeza watu wawili waliochoka?

"Nitakuja," alisema. "Lakini usiniombe kusema uongo. Nitanyamaza, njo mwisho."

"Kunyamaza inatosha," Thaddée alisema, akambusu viganja vyenye tope.

Alipoondoka, shangazi Gloriose, aliyekuwa akisikiliza kutoka chumba cha pili, alitoka na ndoo ya maji safi. Alimwosha Célestine mgongo kama alivyomwosha utotoni, kwani alisaidiana na mamake kumlea. Alimfunga kikwembe cha rangi ya kahawia, kilichokuwa kimehifadhiwa darini, kikiwa hakina hata tone la maji. Kisha akamtazama usoni.

"Mutoto wangu, weye unaenda kuolewa ao kuzika muntu?"

"Sijue, shangazi. Nikifika nitaona."

*

Nyumba ya Mzee Basile ilikuwa Nyamianda, mahali pa juu kidogo ambapo mto haukufika. Sakafu ilikuwa ya saruji iliyong'arishwa. Célestine alivua viatu mlangoni, na mama mwenye nyumba, Mama Agathe, akamwambia kwa upole, "Hapana, mama, vaa. Weye ni mugeni wetu." Akamshika kiwiko, akamketisha karibu na dirisha penye upepo. Mama huyo alikuwa mwembamba, mwenye macho ya Thaddée, na Célestine akajikuta anatamani kumpenda.

Walikula mikeke, samaki wa ziwani, wa kukaanga, na sombe ya majani ya muhogo, na bugali. Mzee Basile alisali kwa muda mrefu, akaombea wavuvi, wakimbizi na vijana. Alikula polepole, akauliza maswali ya kawaida: wazazi wake walifariki lini, shangazi yake anatoka upande gani, anasali wapi. Célestine alijibu yote. Thaddée alicheka hata pasipo na cha kuchekesha, na mara mbili chini ya meza alimgusa mguu kwa mguu wake, kumtia moyo.

"Anakula vizuri," Mama Agathe alimwambia mumewe. "Minye napenda mwanamuke anakula bila haya."

Mzee akatabasamu. Ikaonekana kama mambo yatapita hivyo hivyo, kwa samaki na sala, na Célestine atarudi nyumbani akiwa mchumba wa mtu. Alihisi mabega yanalegea. Kumbe ilikuwa rahisi hivi, aliwaza. Mtu unaketi tu, unatafuna, na maisha yanakubeba.

Kisha Mzee Basile aliosha mikono, akaikausha kidole kimoja kimoja.

"Mutoto wangu, kuna neno moja. Ku jirani yetu iko redio. Kuna wimbo moja naisikia kila juma, hata kama sitaki. Ile inasema:

*Usiniite ku dirisha, mulango iko wazi,*
*ingia kama muntu, ukae, uniulize habari.*

Watoto banaiimba mu barabara. Thaddée ameniambia ni ya ule Léopold. Ni vizuri. Lakini minye ni muzee, napenda kusikia kwa masikio yangu. Ile wimbo ni ya nani?"

Célestine alikuwa amejiandaa kunyamaza. Hakuwa amejiandaa kuulizwa hivi, ana kwa ana, kwa sauti isiyo na ubaya. Aligeuka, akamtazama Thaddée. Hakumtazama kwa hasira. Alimtazama kama mtu aliyebeba ndoo mbili anavyomtazama mwenzake mwenye mikono mitupu. Sema, macho yake yalimwambia. Weye ulianzisha, weye maliza. Sema neno lolote.

Thaddée alikuwa akitoa miiba katika samaki ambaye hakuwa na mwiba hata mmoja uliobaki.

Mama Agathe akasogeza kikombe, akakirudisha mahali pake.

Célestine aliwaza kwamba akisema "sijue," litakuwa neno dogo. Angeweza kulimeza kama alivyomeza mengi. Lakini wimbo ule aliutunga katika mwaka ambao mamake alifariki, kila mstari akiupima kwa mdundo wa kanyagio la cherehani, na akausahihisha miezi sita hadi hapakuwa na neno la kuondoa. Kuukana kungemlazimu aukane mwaka mzima wa maisha yake. Hakuwa na nguvu za kuubeba uongo mkubwa kiasi hicho.

"Ni yangu, baba," alisema.

"Yako namna gani?"

"Maneno ni yangu, na sauti yake ni yangu. Nilitunga minye mwenyewe ku cherehani. Na zingine kumi. Léopold anapiga gitaa tu, na hajawahi kusema zaidi ya ile. Na haiko wimbo ya ubaya, baba. Ni mwanamuke anaambia mwanaume aache kujificha, aje mbele ya batu, kwa heshima."

Mzee Basile hakupandisha sauti. Alimtazama, na kilichoonekana usoni mwake kilifanana na mshangao kuliko hasira. Kisha akamgeukia mwanawe.

"Thaddée. Weye ulijua?"

Thaddée aliinua uso. Alimtazama babake, akamtazama mamake. Hakumtazama Célestine.

"Sikujua, baba."

Ni maneno mawili tu. Lakini Célestine aliyasikia yakishuka ndani yake kama jiwe linavyoshuka kisimani, likichukua muda kufika chini. Sikujua! Thaddée ndiye aliyekuwa mtu wa kwanza kuusikia wimbo ule. Aliketi kizingitini mwa Célestine, jua la saa kumi likimpiga usoni, akamwambia, "Imba tena," na alipoimba tena akajifuta macho, akasingizia moshi wa makaa. Yeye ndiye aliyemrekebishia mahali pamoja, neno "ukae," akisema bila neno lile mwanaume ataonekana mpita njia.

"Ni kweli, mama?" Mzee alimuuliza Célestine. "Mwanangu hakujua?"

Sasa Thaddée alimtazama. Macho aliyoyapenda yalikuwa yamejaa hofu, kama ya mtu anayezama akiwa haombi hata mkono, anaomba tu asisukumwe. Neno moja lingetosha kumvunja mbele ya babake, hapo mezani, na asingekuwa tena mtoto katika nyumba ile. Na neno hilo lilikuwa la kweli.

"Hakujua, baba," Célestine alisema. "Nilimuficha. Musimukasirikie."

Akanawa mikono. Akamshukuru Mama Agathe kwa samaki, akamwambia hajala mikeke watamu kiasi kile tangu mamake alipofariki, na hakutia chumvi. Mama Agathe alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili. Célestine akavaa viatu, akatoka.

*

Alikuwa ameteremka nusu ya njia Thaddée alipomfikia, akihema.

"Juu ya nini ulifanya vile? Juu ya nini umeniponya?"

"Ningefanya nini?"

"Ungesema ukweli! Ningestahili."

Célestine aliendelea kutembea. "Baba ni baba yako. Utabaki naye. Minye ninaenda."

"Célestine, niliogopa. Uliniona. Aliponiuliza, mudomo ilijibu peke yake."

"Niliona."

"Nitarudi sasa hivi. Nitamwambia yote."

"Rudi basi."

Lakini hakurudi. Alimfuata hadi kwenye barabara kubwa, safari hii ubavuni mwake, mchana kweupe, watu wakiwatazama; na kwa miaka minne alikuwa ameota jambo hilo. Wakimbizi wa Makobola walikuwa wameketi kando ya barabara na masufuria yao. Kamyo ya Léopold ilikuwa tayari inanguruma, vijana wa orkestra wamepanda nyuma, na shangazi Gloriose amesimama na kifurushi cha nguo, kana kwamba alijua tangu asubuhi jinsi siku itakavyokwisha.

"Dada Célestine!" Léopold aliita kutoka kwenye usukani. "Ku mupaka banasumbua leo. Tuende kabla hawajafunga."

Thaddée alimshika mkono. "Ningojee. Siku mbili tu. Nitamwambia baba, halafu nitakuja Usumbura, tutaoana kule kule."

"Thaddée, nimengoja miaka ine," Célestine alisema, na sauti yake haikuwa na ukali hata kidogo. "Sikukungoja vibaya. Nilikungoja vizuri, kwa roho yote. Lakini leo nimechoka, sina tena mahali pa kuweka siku mbili."

"Unanipenda?"

"Unajua."

"Sema."

"Nakupenda. Njo maana nilimwambia hakujua." Akautoa mkono wake polepole, kidole baada ya kidole. "Usiniulize tena, nitalia, na batu ba orkestra banatazama."

Thaddée alimsaidia kupanda. Mkono wake ulibaki kwenye ubao wa nyuma wa kamyo hata ilipoanza kutembea, akatembea nayo, akakimbia nayo kidogo, kisha akauacha. Célestine aligeukia mbele. Mvulana wa ngoma alimpa koti akalikalie, na kabla hawajafika Kavimvira, penye mpaka, usingizi ulikuwa umemchukua, kichwa kimeegemea ngoma.

*

Jumamosi aliimba. Chumba kilikuwa kidogo, kimezibwa kwa mablanketi, na mtangazaji alikuwa kijana mpole wa Kirundi aliyeitwa Bigirimana. Alimwuliza jina lake, akaliandika, akalisoma mara mbili ili asilikosee. Kisha akauliza, kalamu ikiwa juu ya karatasi, "Mademoiselle ao madame? Umeolewa?"

Célestine aliitazama kalamu. "Mademoiselle," alisema.

Alitakiwa kurudi Jumatatu, lakini kazi ya studio ikaongezeka, wiki ikawa mbili, na katikati ya mwezi wa tano habari ikavuka mpaka kabla ya watu: Uvira imechukuliwa na waasi. Mpaka ukafungwa. Célestine alipata chumba kwa mjane mmoja, akashona mapazia ya watu asiowajua. Jioni majirani walipofungua redio na sauti yake ikatoka, alitoka nje kwenda kuchota maji.

Ilipita mwezi mmoja na siku chache ndipo shangazi Gloriose alipofika, baada ya kuzunguka kwa miguu katika bonde la Ruzizi, miguu imevimba. Célestine alimwosha miguu hiyo kwa maji ya chumvi. Shangazi alikunywa kwanza uji wake wote.

"Thaddée alikuja," shangazi alisema.

Kitambaa kikasimama juu ya kifundo cha mguu.

"Siku gani?"

"Siku ile ile. Kamyo ilipopotea, alirudi kwa baba yake. Halafu jioni akaja kwangu, akakaa chini mu tope na nguo zake za kanisa, akaniambia yote. Alimwambia baba yake: 'Nilijua. Nilijua kila neno. Nilidanganya mara mbili, na yeye akanifunika.'"

"Na muzee?"

"Muzee alingoja mupaka mama Agathe alipowasha taa. Halafu akasema: 'Ule mwanamuke alikataa kudanganya juu yake mwenyewe, akakubali kudanganya juu yako. Na weye ukamuacha aende.' Akalia, muzee Basile! Alisema kesho asubuhi atakuja Mulongwe yeye mwenyewe kukuomba. Alikuja kweli, na fimbo yake. Akakuta minye peke yangu. Thaddée alijaribu kukufuata, askari bakamurudisha ku mupaka."

Célestine aliendelea kuosha. "Sasa bako wapi?"

"Bote balipanda milima wakati masasi ilianza. Thaddée alibeba mama yake ku mugongo. Alisema atatafuta njia ya kuvuka, hata kama ni mwaka. Aliniambia: 'Ukimuona, mwambie nilisema.'"

Célestine alikausha mguu mmoja, akaufunika kwa kikwembe, akachukua wa pili. Nje mjane alikuwa akimfukuza mbuzi.

"Angesema ku meza," alisema hatimaye.

"Ndiyo, mutoto wangu. Angesema ku meza."

Akaweka kitambaa kando. Akaegemeza kichwa chake juu ya magoti ya shangazi yake, kama mtoto, macho amefumba.

"Shangazi."

"Hm."

"Rudia tena vile alisema. Polepole. Tangu mwanzo."